Interpol Amekalia Kichana

Ukitaka kujua nchi yetu imesimama wapi katika ushindani wa uchumi na majirani zake, usijisumbue kupanda basi kwenda Dodoma. Njoo Bariadi, pita nyuma ya soko, ulizia karakana ya Mboje, kisha geuka utazame ng'ambo ya barabara. Hapo kuna benchi: mbao moja ndefu juu ya matofali, upande mmoja umelegea. Upande uliolegea ni wangu. Wananiita Paspoti, maana ujana wangu niliumaliza nikiwa utingo wa malori ya masafa, nikafika Mombasa, Kampala, Kigali, Bujumbura mpaka Lubumbashi. Nchi zote hizo nazifahamu vizuri sana kupitia dirisha la kushoto. Nilichorudi nacho ni mgongo mbovu na salamu za lugha chungu nzima. Ukiitikia tu, nimeishiwa. Katikati hukaa Ngassa, tuliyembatiza Pato la Taifa, kwa kuwa aliwahi kuhudhuria semina moja na neno hilo likamganda mdomoni. Mwisho kabisa hukaa Machibya, yaani Interpol. Hakuna kitu kilichowahi kupotea mjini hapa ambacho hakumjua mwizi wake, hata kama baadaye kilipatikana uvunguni mwa kitanda cha mwenyewe. Kahawa anamimina Muksini, ambaye hachangii hoja, anachangia tangawizi.

Asubuhi hiyo mvua ya kupandia ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilipofika, Interpol alikuwa ameshakaa, amenyooka, mikono juu ya magoti kama anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

Muksini: Mzee Interpol, sogea kidogo nipitishe birika.

Interpol: Mimina hapohapo. Niko kazini.

Pato la Taifa: Kazi gani hiyo inafanywa na makalio?

Interpol: Punguza sauti. Nimekalia kichana.

Hapo tukaelewa, kwa sababu shauri hilo tulilipitisha wenyewe jana yake jioni, tena kwa kauli moja. Nawe msomaji usibaki nje.

Mboje kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha, lakini moyo wake uko kwenye mashine ya kupandia pamba, ile ya kukokotwa na ng'ombe. Shida ya mbegu ya pamba ni manyoya. Ukizitia kwenye sanduku zinakumbatiana kama ndugu waliopotezana, na mashine inakwama. Mboje akabuni kifaa cha vipande vya mnyororo wa baiskeli, kinazunguka ndani ya sanduku na kuzichambua mbegu. Akakiita kichana. Kikafanya kazi vizuri kabisa, ila sahani yake ya chini, yenye matundu ya kuangushia mbegu, ikawa inazisaga. Sasa huko Migori, Kenya, yuko fundi mwenzake, Nancy, anayeyeyusha masufuria chakavu na kusubu sahani nyororo isiyosaga hata mbegu moja. Tatizo lake yeye ni kwamba mbegu zinafika kwenye sahani zimekumbatiana. Walikutana kwenye Nanenane pale Nyakabindi, wakaona kila mmoja amebeba dawa ya ugonjwa wa mwenzake.

Ukajitokeza mradi mmoja wa kuunganisha wabunifu wa nchi jirani. Afisa wao angefika leo mchana kwenye shamba la mama mmoja, Elizabeth, nje kidogo ya mji. Mashine ikipanda, mafundi wale watawezeshwa kuwa na karakana mbili zinazoshirikiana: fremu na vichana Bariadi, sahani Migori. Isipopanda, basi. Mboje alikuwa amekataa kazi za watu msimu mzima kwa ajili ya siku hii, na alishajiapiza mbele yetu: ikishindikana, fremu anaikatakata iwe geti, na hatashika tena chuma cha shamba maisha yake.

Ndipo jioni ile Interpol akamwambia, kijana wangu, huwezi kumwonyesha huyo mgeni wako wa Migori, anayefika kesho, kichana chenyewe. Weka waya wowote uliopinda. Kichana tutakitunza sisi. Tukaafiki wote, na asubuhi hiyo, kichana kikiwa chini ya Interpol, mjadala ukaanza upya.

Pato la Taifa: Ulinzi mzuri. Kiuchumi, siri ni mtaji.

Mimi: Lakini mgeni ndiye anayeleta sahani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Interpol: Mimi sina chawa.

Mimi: Mgeni njoo, mwenyeji apone?

Interpol: Apone! Umesikia neno hilo? Maana yake mwenyeji alikuwa mgonjwa. Mtu mwenye afya yake anamtaka mgeni wa nini?

Pato la Taifa: Hapo amekubana. Tena uchumi ni kama mnada wa ng'ombe. Kila mtu anamsifia wake na kumponda wa jirani. Umewahi kuona watu wawili wanauza ng'ombe mmoja, huyu kashika pembe, yule kashika mkia?

Mimi: Nimewaona. Njia ya Kampala, karibu na…

Interpol: Kwa dirisha la kushoto.

Mimi: Kwa dirisha la kushoto, ndiyo, lakini ng'ombe alikuwa upande huohuo.

Interpol: Nisikilizeni. Wakikipata kichana hiki, mwaka huu watatengeneza mashine. Mwaka ujao tutainunua. Mwaka wa tatu mbegu zetu zitakuwa zimeizoea. Utazifukia kwa mkono, hazioti. Zinasubiri mpaka zisikie Kijaluo.

Muksini: Astaghfirullah.

Pato la Taifa: Usishangae, kuna kubwa zaidi. Mvua ya jana imetoka wapi?

Mimi: Juu.

Pato la Taifa: Kabla ya juu. Imetoka ziwani. Na ziwa ni la nani? Letu, la Uganda na la Kenya. Kwa hiyo mvua iliyonyesha Bariadi usiku ina wabia. Hapo ulipokanyaga tope, umekanyaga rasilimali ya nchi tatu!

Interpol: Mnaona? Wameshaingia. Wametuingilia kwenye paa.

Mimi: Basi tuwarudishie matone yao.

Pato la Taifa: Utayajuaje?

Interpol: Mimi nitayajua.

Bajaji ikasimama mbele ya karakana. Akashuka dada mrefu, sweta zito, begi mkononi, mgongo umenyooka kama askari wa gwaride. Akavuka barabara kutusalimia kabla hata hajamwita Mboje. Nikaona huu ndio wakati wa kuionyesha Bariadi manufaa ya safari zangu.

Mimi: Oyawore!

Uso wa Nancy ukachanua. Akanijibu kwa Kijaluo, akaendelea, akauliza jambo, akacheka, akauliza lingine. Nikabaki nimetabasamu kama kinyago.

Pato la Taifa: Anasemaje?

Mimi: Anasema… mvua imenyesha.

Nancy: Nimeuliza umekaa Kisumu miaka ngapi, mzee.

Mimi: Usiku mmoja. Gari liliharibika.

Muksini akamkaribisha kwenye benchi, akakataa.

Nancy: Niko tu sawa, ndugu. Nimekaa kwa basi mpaka nimechoka kukaa.

Akapewa kikombe na kashata. Kashata ikamponyoka. Hakuinama kuiokota, alishuka kwa magoti, mgongo wima, kama mama mwenye ndoo kichwani, akainuka nayo hivyohivyo. Interpol akanikonyeza. Sikujua ananikonyeza nini, nikamkonyeza na mimi.

Mboje akatoka karakanani akiisukuma mashine, shati la kanisani ndani ya ovaroli. Wakasalimiana na Nancy, akapokea sahani kutoka kwenye begi, akaifunga. Akamwaga mbegu sandukuni na kuisukuma mashine pale mbele yetu, kwenye vumbi lililolowa, ajaribu kabla ya kwenda shambani.

Hatua za mwanzo haikuanguka hata mbegu moja. Kisha sanduku likakohoa, likatema donge la mbegu lenye ukubwa wa ngumi.

Pato la Taifa: Hiyo inapanda kwa jumla. Rejareja bado.

Mboje akasukuma tena. Kimya. Akaipiga kofi. Ikatema mbegu tatu, zote zimesagwa.

Nancy: Fundi, hii waya ni ya nini? Kwa video ulinionyesha kitu ya mnyororo.

Mboje: Ndiyo hiyohiyo. Imeboreshwa.

Nancy: Imeboreshwa ikakuwa henga ya nguo?

Mboje: Na wewe sahani yako? Kwenye picha iling'aa mpaka nikafumba macho. Hii ni ya kupandia mahindi, matundu yenyewe panya anapita.

Nancy: Ni ileile. Ni safari imeifanya hivyo.

Mboje: Safari inapanua matundu?

Interpol: Mpakani pale kuna joto.

Nancy: Mzee, wewe tangu nifike hujatingishika. Uko mzima kweli?

Interpol: Natafakari.

Mboje akamtazama Interpol. Interpol akatikisa kichwa taratibu: usithubutu. Mboje akatazama jua, akatazama mashine, akaja akachuchumaa karibu yangu.

Mboje: Kaka Paspoti, muda unakwenda.

Mimi: Naona, mdogo wangu.

Mboje: Afisa akishafika, akaona mashine inatema madonge, ndiyo mwisho. Unanielewa? Leo hii jioni naikata.

Alisema bila kelele, na hilo ndilo lililonichoma. Mtu anayepiga kelele bado anabishana. Mboje alikuwa ameanza kuchagua pa kupitisha msumeno. Nikatafuta neno la kumwambia. Katika salamu zangu zote, hakukuwa na hata moja inayofaa.

Pikipiki ikaja na kuturushia tope. Aliyeshuka ni Elizabeth mwenyewe, mama mwenye shamba, gauni limekunjwa magotini, miguu myeusi kwa udongo wa mbuga, fimbo ya kuswagia ng'ombe mkononi.

Elizabeth: Mwangaluka!

Sote: Mwangaluka, mayu!

Elizabeth: Ng'ombe wangu wako kwenye nira tangu alfajiri. Udongo umelainika sasa hivi. Jua likipanda, ule unakuwa tofali. Mashine mbona bado iko barabarani?

Mboje: Ina hitilafu kidogo, mayu.

Elizabeth: Jana ilikuwa nzima. Nilikuja nikaiona.

Pato la Taifa akaona nafasi imepatikana, akajinyoosha.

Pato la Taifa: Mama, suala hili ni pana. Tuko kwenye ushindani wa kikanda. Nchi haiwezi kuingia kwenye ubia huku imeanika nyenzo zake zote.

Elizabeth: Nyenzo zipi?

Pato la Taifa: Nyenzo kwa ujumla wake.

Interpol: Mayu, wewe ni mtu mzima, unaelewa. Bagika na Bagalu wakishindana ngoma, umewahi kuona wakiazimana dawa?

Elizabeth: Baba yangu alikuwa mnenguaji wa Bagalu. Mwaka mmoja Bagika walipata msiba, hawakuja uwanjani. Bagalu wakacheza peke yao. Unajua walichezaje? Kama watu wanaopepeta mchele. Watu waliondoka mmoja mmoja mpaka akabaki mpiga ngoma na mbwa.

Interpol: Hiyo ni ngoma, mayu. Hapa ni uchumi.

Elizabeth: Sawa. Mimi shule yangu ni ndogo, niambieni tu kitu kimoja. Mashine hii ikipanda pamba vizuri kwangu, halafu ikapanda vizuri na huko kwao na huyu binti, nani atakuwa ameshindwa?

Nawaambieni, benchi lile limewahi kujibu maswali makubwa. Tumeeleza sababu ya kuporomoka kwa fedha za kigeni, tumepanga upya vikosi vya timu za taifa za nchi ambazo hatujui hata rangi ya bendera zake. Lakini swali hilo lilitua katikati yetu kama ndama aliyezaliwa sebuleni.

Pato la Taifa: Kwa mtazamo wa… pato la…

Elizabeth: Ndiyo?

Pato la Taifa: Kuna upande mmoja ambao, kwa vyovyote vile, ukiuangalia…

Elizabeth: Upande gani?

Pato la Taifa: Muksini, niongeze kahawa.

Interpol: Atashindwa… Ngoja. Kuna mtu tu lazima anashindwa. Haiwezekani asiwepo.

Elizabeth: Namngoja. Na ng'ombe wanamngoja.

Nikamtafuta na mimi mtu huyo. Nilianzia Mombasa, nikapita Kampala, nikateremka Kigali, nikachungulia mpaka Lubumbashi. Sikumwona. Pengine alikuwa upande wa kulia.

Aliyetangulia kuchoka ni Nancy. Alianza kucheka puani, kisha kifuani, kisha akashindwa kujizuia.

Nancy: Aki, mimi nimechoka kusimama kama mlingoti!

Akapeleka mkono mgongoni, akaupenyeza chini ya sweta, akafungua leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, akachomoa sahani. Ikang'aa mpaka Muksini akakinga macho na birika.

Mboje: Nancy!

Nancy: Nisamehe, fundi. Mjomba wangu aliniambia, Watanzania ni wapole sana. Mtu akikuwa mpole hivyo, lazima kuna kitu anaficha.

Tukatazamana. Halafu, polepole, macho yote yakahamia kwa mtu mmoja.

Mboje: Mzee Machibya, inuka.

Interpol: Mboje, fikiri kwanza.

Mboje: Nimeshafikiri. Inuka, baba.

Interpol: Siinuki.

Elizabeth: Machibya!

Interpol: Mayu, siyo kwamba nakataa. Miguu imekufa ganzi.

Mimi nikamshika mkono wa kulia, Pato la Taifa wa kushoto, tukavuta. Akanyanyuka, na kichana kikanyanyuka naye, kimemganda nyuma kama mkia. Muksini akakibandua kwa heshima zote. Kwenye suruali yake ya kaki, safi, iliyopigwa pasi, ukabaki mchoro wa mnyororo mzima, pingili kwa pingili, kwa grisi nyeusi.

Nancy: Kwani mlikuwa mmeikalia?

Pato la Taifa: Ndio utaratibu wetu wa kuhifadhi.

Nancy: Na mimi najilaumu kuficha kwa mgongo! Nyinyi mmenishinda mbali.

Ni ushindi pekee benchi letu limewahi kupewa na mtu wa nje, na sikuona mwenye hamu ya kuushangilia.

Wale mafundi wawili wakapiga magoti pande mbili za sanduku. Kuanzia hapo hatukuelewa tena lugha yao, ingawa ilikuwa Kiswahili.

– Legeza.

– Hivi?

– Zaidi. Hapo. Shika hapo.

– Inagusa?

– Inabusu tu.

– Basi iache ibusu.

Mboje akasukuma. Mbegu ikaanguka. Akapiga hatua, ikaanguka nyingine. Moja, nzima, na manyoya yake, halafu nyingine, halafu nyingine, zimejipanga kwenye tope kama watoto wa shule mstarini. Kuku watatu wakatokea uchochoroni na kuanza kuzidonoa.

Interpol: Nyie! Shii! Kuku wa nani hawa? Ondokeni, mbegu ya watu hiyo!

Akawakimbiza kwa miguu yenye ganzi, suruali ile ikipepea na mchoro wake, mpaka wakatokomea.

Elizabeth: Mtapiga porojo mpaka lini? Pakieni.

Tukapakia mashine kwenye guta, tukaifuata kwa miguu wote. Hata Muksini alibeba birika lake, maana benchi lilikuwa tupu, na kahawa haiuzwi kwa matofali.

Shambani ng'ombe walikuwa wamekwisha kata tamaa na kulala na nira zao. Elizabeth akawainua kwa Kisukuma ambacho siwezi kukiandika hapa. Afisa wa mradi alikuwa ameshafika, dada mmoja mwenye buti mpya, anatembea kwenye mbuga kama anakanyaga mayai. Mboje akashika mishikio, Nancy akakaa ubavuni mwa sanduku, sikio limeinama kusikiliza. Elizabeth akapiga mluzi. Mashine ikaingia udongoni.

Walikwenda mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Hata Pato la Taifa alinyamaza, na nadhani hilo lilimuuma kuliko jino. Walipofika tulipo, afisa akachuchumaa, akafukua kwa kidole. Mbegu. Akasogea, akafukua. Mbegu. Akasogea tena, buti moja likabaki topeni, akafukua hivyohivyo na soksi. Mbegu.

Afisa: Basi. Mimi nimeridhika. Hongereni sana.

Mboje aliondoa mikono kwenye mishikio, akaitazama kama ya mtu mwingine, akaifuta kwenye shati la kanisani. Nancy akampiga kofi la bega lililomsogeza hatua mbili.

Nancy: Fundi! Amesema ameridhika!

Mboje: Nimesikia. Nasubiri kama atarudia.

Elizabeth: Wabeja, asanteni, wanangu. Sasa ondokeni njiani, nimalizie shamba.

Afisa: Mama, dakika moja tu. Kimebaki kitu kimoja cha kuweka kwenye taarifa. Sahani nimeelewa, ina alama ya karakana ya Migori pale chini. Lakini hiki kifaa cha mnyororo hakina alama yoyote. Nitaonyesha nini kuthibitisha kwamba kimetoka Bariadi?

Mboje akakichomoa kichana sandukuni, akakigeuzageuza. Hakuwahi kufikiria alama. Akamtazama Nancy, Nancy akanitazama mimi, nami kwa mazoea nikatazama kushoto.

Kushoto alikuwepo Interpol. Akakohoa kidogo, akapenya katikati yetu, akavua kofia kwa adabu, akamgeuzia afisa mgongo na kuinua pindo la koti.

Afisa akakipokea kichana, akakiangalia. Akaangalia suruali. Akakiweka kichana karibu na suruali, akalinganisha pingili kwa pingili, bila kucheka hata kidogo, Mungu ambariki dada yule. Kisha akatoa simu, akamwomba mzee asimame penye mwanga, na akapiga picha mbili: moja ya kichana, moja ya Interpol.